Insha Iliyokosa Shahidi

Msomaji, kazi ya mhakiki ni kusoma maandishi ya watu na kusema kwa haki lililo jema na lililo baya ndani yake. Aghalabu hupewa vitabu vya waandishi mashuhuri. Safari hii nakuomba tusome pamoja kitu kidogo kuliko hivyo: insha ya kurasa nne ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, ambayo yeye mwenyewe hakuiandika.

Mwenye insha ni kijana wa jirani yangu. Anasomea ualimu, na masomo yake ni Kiswahili na historia. Alirudi nyumbani wakati wa likizo, akaja kwangu jioni moja na karatasi zilizopigwa chapa vizuri, zimebanwa pamoja kwa pini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

"Njema, Mwalimu. Nimeleta kazi yangu uipitie kabla sijaipeleka kwa mhadhiri."

Kazi hiyo ilihusu wanawake wa Mraru na basi lao. Nilifurahi kuona kichwa chake, maana kijana alikuwa amechagua vema. Mraru, upande wa Voi, ndiko kwao mama yake, na nyanya yake yu hai huko hata leo.

Yamkini wewe hujapata kuisikia habari hiyo, nami sitaki uhukumu insha ya mtu bila kujua inasema juu ya nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa kikundi cha Mraru walikuwa na shida ambayo mtu wa mjini hawezi kuifahamu upesi. Soko lao lilikuwa Voi. Mabasi ya kwenda Voi yalikuwapo, lakini yalipofika kwao yalikuwa yamekwisha kujaa. Basi hupita mbele ya macho yako, nawe umesimama na mzigo wako. Wanawake hao wakaanza kuweka akiba, kidogo kidogo, kwa miaka. Kisha wakakopa pesa zilizopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Faida ya basi ikaja ikazaa duka. Habari zao zilivuka bahari, zikaandikwa katika kijitabu kilichochapishwa New York mwaka 1980, wakasomwa na watu ambao hawatakanyaga Taita maisha yao yote.

Basi, kijana alikuwa na mali mkononi. Sasa tazama insha ilivyoanza:

"Wanawake wa Mraru walikabiliwa na changamoto mbalimbali za usafiri zilizoathiri maendeleo yao ya kijamii na kiuchumi. Kupitia umoja, uvumilivu na ubunifu, waliweza kukabiliana na changamoto hizo na kuwa mfano wa kuigwa katika jamii."

Soma tena polepole. Hapana kosa la sarufi. Vituo vimekaa mahali pake. Hapana neno hata moja ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu. Lakini ondoa jina la Mraru, utie jina la kijiji chochote cha Uganda, au cha Peru, au cha Bangladesh. Ondoa usafiri, utie maji, au kuni, au mikopo. Sentensi haitatikisika. Nguo inayomtosha kila mtu haikushonewa mtu. Neno "mbalimbali" hasa ndilo lililonikera. Shida ya wanawake wale haikuwa mbalimbali. Ilikuwa moja, nayo waliijua kwa jina: basi linakuja limejaa. Mwandishi aliyeona shida hiyo, au aliyeambiwa na aliyeiona, hawezi kuificha ndani ya "mbalimbali", kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza litakalomtoka kinywani.

Niliendelea kusoma. Ukurasa wa pili ulitoa sifa tatu za kikundi, na kila sifa ilikuwa na aya yake, na kila aya ilikuwa na urefu uleule, kama matofali ya kalibu moja. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba basi la Mraru lilikuwa likienda Mombasa mara mbili kwa siku. Hapo nilisimama. Ukurasa wa nne ulitaja kitabu kimoja, na jina la mtungaji wake, na mwaka wa kuchapishwa.

"Kitabu hiki umekiona?" nilimwuliza.

"Sijakiona, Mwalimu."

"Basi nani amekiona?"

Kijana alitazama chini. Baadaye nilikitafuta kitabu hicho kwa bidii katika maktaba na katika orodha za vitabu, nisikipate. Lakini jioni ile hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Alitoa simu mfukoni akaiweka juu ya meza baina yetu, kama mtu anayemleta shahidi barazani.

Mashine hizi za maneno zimepewa majina mengi katika lugha yetu. Tanzania wengi husema akili mnemba. Hapa Kenya husikika sana akili unde, neno lililotoka katika kuunda, kama jahazi linavyoundwa. Na wako wanaosema akili bandia. Mimi sina ugomvi na jina lolote. Nataka tu ujue zinavyofanya kazi, maana mtu asiyejua chombo chake hawezi kukihukumu. Ile iliyojulikana kwanza kwa umma wa dunia nzima, ChatGPT, ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022. Nasema hivi makusudi ili ukumbuke jinsi jambo hili lilivyo changa. Mashine ya namna hiyo hulishwa maandishi mengi kupita kiasi ambacho binadamu yeyote angeweza kukisoma. Katika kulishwa huko hujifunza jambo moja: baada ya maneno haya, ni neno gani linaloelekea kufuata. Ukiiuliza, hukujibu neno baada ya neno kwa kufuata mazoea hayo. Haisemi kweli wala haisemi uongo, kwa maana kila mmoja wa hao wawili, msema kweli na mwongo, anajua lipi ni lipi. Mashine hutoa linaloelekea. Na kwa kuwa mabasi mengi ya pwani huenda Mombasa, ilielekea kwamba basi la Mraru nalo liende Mombasa.

Tena, maandishi ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hayo iliyolishwa, na habari za kijiji kimoja cha Taita ni punje ndani ya sehemu hiyo ndogo. Ndiyo maana mashine ile ile inayoweza kukueleza vizuri habari za Shakespeare hupapasa gizani ikifika Mraru. Haikuambii kwamba inapapasa. Sauti yake ni ileile.

Jambo hili si geni katika nchi ya Taita. Lilitokea zaidi ya miaka 170 iliyopita, nalo halikuhusu mashine, bali mwanachuoni mmoja wa London. Nakuomba uvumilivu nilisimulie.

Mwaka 1847 mmisionari Mjerumani Johann Rebmann alitoka Rabai akafika Kasigau. Mwaka uliofuata alisafiri tena, akapita katika Taita akielekea Uchagani, akiongozwa na mkuu wa msafara, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona mbele yake mlima wenye kilele cheupe. Aliwauliza wenzake weupe ule ni nini. Mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu kile. Alichokijua ni kwamba ni baridi. Kwa mtu aliyezaliwa penye theluji jibu hilo lilitosha. Rebmann aliandika alichokiona, na habari ikachapishwa Uingereza mwaka 1849.

Huko London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley, aliyehesabiwa kuwa mjuzi mkubwa wa jiografia ya Afrika. Alikuwa amesoma karibu kila kitu kilichoandikwa juu ya bara hili. Aliyalinganisha maandishi ya Wareno na ya Waarabu, akaweka neno hili juu ya neno lile, akachora ramani. Afrika yenyewe hakupata kuifika. Aliposoma habari za theluji karibu na ikweta alizikataa. Katika maandishi yote aliyoyasoma theluji haikuelekea kuwapo mahali pale. Kwa hiyo haikuwapo, na Rebmann alidanganywa na macho yake. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima cha kufunua undani wa Afrika, akishikilia hoja zake. Baron von der Decken alipokwenda mlimani mwaka 1861, na tena mwaka 1862, akathibitisha kwamba theluji ipo, Cooley hakuridhika hata hivyo.

Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka vilima vya Taita, mtoto anayechunga mbuzi anaweza kukiona Kilimanjaro. Mita 5,895 si kitu cha kujificha.

Simtukani Cooley. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, na katika mambo kadhaa alikuwa na msaada kwa wenzake. Wala simtukuzi Rebmann, ambaye naye alikosea mengine. Nasema tu kwamba mmoja alikuwa na maandishi yote na hakuwa na mlima, na mwingine alikuwa na mlima na mwongozaji aliyesema "baridi". Insha ya kijana wangu ilitungwa na Cooley.

Lakini haki inanitaka nimsikilize kijana pia, maana nilipomwuliza kwa nini alifanya hivyo hakujibu kama mvivu. Alisema kwamba katika ukumbi wao huketi mamia mbele ya mhadhiri mmoja, na anayetaka kuuliza swali hungoja zamu ambayo haifiki. Alisema kwamba vitabu ni vichache na bei yake ni ya kutisha. Alisema kwamba nyumbani anasema Kidawida, sokoni Kiswahili, na katika masomo yake mengi mtihani huja kwa Kiingereza. Kwamba saa sita za usiku, katika chumba cha watu wanne, akishindwa kufahamu ukurasa mgumu, mashine humweleza mara ya kwanza, na ya pili, na ya tano, bila kumcheka. Jambo hilo la kutochekwa nililitia moyoni. Sisi walimu tumewacheka wanafunzi wengi kuliko tunavyokiri.

Tena akaongeza jambo ambalo naona ndilo kiini cha mambo yote. "Mwalimu," alisema, "kwetu asiyeitumia huonekana mjinga, na anayeitumia akakiri huonekana mwizi. Kwa hiyo sote tunaitumia, na wote tunakana."

Maneno hayo ni ya kweli kupita vyuo vya hapa kwetu. Katika taarifa ya mwaka 2025 juu ya matumizi ya intaneti duniani, Kenya iliwekwa mbele ya nchi zote kwa matumizi ya ChatGPT: katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 16 na zaidi wanaotumia intaneti, 42 hivi walisema wameitumia katika mwezi uliotangulia. Kitu kinachotumiwa na watu wengi hivyo hakiwezi kuwa siri. Hata hivyo darasani huwa kama siri. Mwanafunzi huficha, mhadhiri hukisia, na baina yao hapana mazungumzo juu ya lipi lifaalo na lipi lisilofaa. Ningependa kusema kwamba lawama ya hili ni ya vijana peke yao, lakini siwezi. Vyuo vingi vilichelewa kusema neno lililo wazi, na neno lilipokuja lilikuwa neno la vitisho.

Vitisho vyenyewe havina meno ya kuaminika. Katika kaunti ya Taita Taveta huchimbwa tsavoraiti, kito cha kijani kizuri sana, na kipande cha kioo cha kijani kinaweza kumdanganya mtu asiyejua. Walakini kito kina kipimo. Kioo ni laini kuliko kito, na anayejua kazi atavipambanua. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, hufundisha uhandisi wa migodi na elimu ya mawe ya namna hiyo. Maneno hayana kipimo kama hicho. Zimetengenezwa programu za kugundua maandishi ya mashine, na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mwaka 2023 kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Programu hizo, kwa wastani, ziliita zaidi ya nusu ya insha hizo kazi ya mashine, na zote zilikuwa kazi ya mikono ya watu. Katika mwaka huohuo kampuni yenyewe iliyotengeneza ChatGPT iliondoa chombo chake cha ugunduzi kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Fikiri mwanafunzi wa Mwatate au Wundanyi, aliyejifunza Kiingereza kwa jasho, akaandika kwa uangalifu sentensi fupi zilizo sawa, akaambiwa kwamba usawa huo ndio ushahidi wa hatia yake!

Kuna kinaya kingine katika nchi hii, nacho nitakitaja kwa haraka. Kabla mashine hazijaja, maelfu ya vijana wa Kenya waliomaliza vyuo na kukosa kazi walikuwa wakiandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Magazeti ya huko yaliandika habari hizo mwaka 2019, na mwaka 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, anawatafuta waandishi hao. Na hiyo mashine iliyokuja kuwanyang'anya wateja ilisafishwa kwa sehemu na Wakenya wengine, wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kupanga maandishi machafu ili mashine ijifunze kuyaepuka, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Gazeti la TIME lilifichua hayo Januari 2023. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mwanafunzi wetu kwamba mashine ni uchawi wa Wazungu usiomhusu. Mikono ya watu wetu imo ndani yake.

Turudi kwenye elimu. Swali la kweli si kama kijana alidanganya mhadhiri wake. Swali ni nini kilichotokea kichwani mwake. Hapo tuna ushahidi mzuri kutoka Uturuki, nao unakuhusu wewe hasa, kwa sababu waliojaribiwa walikuwa wanafunzi wa sekondari, karibu 1,000, katika somo la hesabu. Waligawanywa katika mafungu matatu. Fungu moja lilifanya mazoezi bila mashine. Fungu la pili lilipewa mashine ya kawaida, inayojibu kila inachoulizwa. Fungu la tatu lilipewa mashine iliyofungwa lijamu na walimu: ilitoa dokezo, haikutoa jibu. Wakati wa mazoezi fungu la pili lilipata alama asilimia 48 zaidi ya wale wasio na mashine, na fungu la tatu asilimia 127 zaidi. Furaha tupu. Kisha mashine zikaondolewa, wakapewa mtihani. Wale wa mashine ya kawaida wakapata asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakupata kuiona kabisa. Wale wa mashine yenye lijamu karibu hawakudhurika. Matokeo hayo yalichapishwa rasmi mwaka 2025.

Angalia vizuri fungu lile la pili. Hawakukosa bidii; walikuwa darasani, wakifanya mazoezi, wakipata majibu sahihi, wakijiona wanaendelea. Mtu anayejua kwamba hajui hutafuta mwalimu. Wao walikuwa hawajui kwamba hawajui. Na kijana wangu anasomea ualimu. Miaka miwili mitatu ijayo atasimama mbele yako, au mbele ya ndugu yako mdogo, naye hatakuwa na simu ya kushika katika kila swali. Mtoto atanyosha mkono aulize, "Mwalimu, kwa nini hawakupanda tu mabasi yaliyokuwapo?" Jibu la swali hilo halimo katika kurasa zile nne.

Jioni ile sikumkemea, wala sikumwambia aitupe mashine. Nilimwambia aichukue simu yake tena, lakini asiiambie imwandikie. Aiambie imwulize. Akaandika: "Ninataka kuandika habari za basi la wanawake wa Mraru. Usiniandikie. Niulize maswali ambayo msomaji angependa kujibiwa."

Nakiri kwamba nilishangaa. Mashine ileile iliyotunga uongo juu ya Mombasa ilitoa maswali ya mtu mwenye akili. Nauli ilikuwa kiasi gani? Basi lilitengenezwa wapi likiharibika? Pesa za akiba zilitunzwa na nani, na je, hapakuwa na ugomvi? Waume walisemaje? Basi la kwanza lilipofika kijijini, lilipokewa vipi? Na baadaye likaishia wapi? Kijana aliyasoma moja moja, na kila moja alitikisa kichwa. Alikuwa ameandika kurasa nne juu ya basi hilo na hakuweza kujibu swali hata moja.

Siku ya pili alikwenda kwa nyanya yake. Alikaa huko siku tatu.

Insha ya pili aliyonionyesha ilikuwa na upungufu mwingi, nami nitauhakiki kwa haki ileile niliyotumia kwa ile ya kwanza. Ilikuwa fupi. Aya moja ilikuwa ya mistari miwili, na nyingine ilijaza ukurasa mzima bila kupumua. Aliandika "zamani za kale" mahali ambapo mwaka ungalifaa, na alirudia neno "mzigo" mara nyingi mno. Kuhusu pesa za akiba hakupata lolote la hakika, kwa kuwa nyanya yake hakuwa mmoja wa waliozitunza. Akasema hivyo wazi, nami nikamsifu kwa kusema. Lakini ilianza na mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo, akafunga kuku miguu, akasimama kando ya barabara, akasikia sauti ya basi mbali, akainua mzigo kichwani ili awe tayari. Na basi halikupunguza mwendo. Akautua mzigo. Kuku walikuwa wamekwisha kuona kiu. Kulikuwa na safari ya kurudi nyumbani, na swali la kuwaambia nini watoto waliotumainia karo ya shule.

Katika mwanzo huo neno "changamoto" halimo. Halikuhitajiwa. Msomaji wa Peru akiusoma hataweza kuutia jina la kijiji chake, lakini atamjua mwanamke yule. Tena kuna sentensi moja, iliyo karibu na mwisho, ambayo mashine isingeitoa hata ingelishwa maktaba zote za dunia, nayo ni kwamba nyanya yake alipoulizwa siku ya basi ilikuwaje, alicheka kwanza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba alikumbuka zaidi kukaa: kukaa kitini, na kapu magotini, na kutazama nje dirishani kama mtu asiye na haraka.

Nilimwambia aipeleke hivyo ilivyo, baada ya kusahihisha tahajia. Alikuwa na hofu. Mwenzake wa chumba kimoja alikuwa amepeleka kazi laini yenye sifa tatu na aya zilizolingana.

Likizo iliyofuata alirudi na karatasi zote mbili, yake na ya mwenzake. Mwenzake alikuwa amepata alama nyingi kuliko yeye, tofauti ya alama sita. Sikuficha uchungu wangu, wala yeye hakuficha wake. Mpimaji anayelipa kioo bei ya kito ana sehemu yake katika mambo haya, na ningependa wahadhiri wasome insha kwa makini kuliko wanavyozihesabu. Lakini kijana alinionyesha pembeni mwa ukurasa wake wa kwanza. Karatasi ya mwenzake haikuwa na alama ya kalamu ila jumla tu mwishoni. Yake ilikuwa na neno moja la mhadhiri, limeandikwa kwa wino mwekundu kando ya kuku waliofungwa miguu: "Umejuaje?"

Alikuwa amemwendea mhadhiri akamjibu, wakazungumza nusu saa. Mhadhiri alitaka kujua basi liliishia wapi. Kijana hakujua bado. Alikuwa njiani kwenda Mraru kuuliza.